Afisa Mlangoni pa Mama Mkwe

Wahenga hawakuwa wavivu wa kusema. Wavivu ni sisi wa kusikiliza. Walituambia kwamba mshika mawili moja humponyoka, yaani mtu anayeng'ang'ania mambo mawili kwa wakati mmoja, na kila jambo linataka mkono mzima, hawezi kuyamudu yote. Methali hii hata mtoto wa darasa la tatu anaikariri. Lakini mpe mtu mzima mwenye tai shingoni nafasi ya kuyashika mawili, utamwona ananyoosha mikono huku anatabasamu. Ndivyo alivyofanya Patroba, na kusema kweli kisa chake kinaudhi kukisimulia, kwa sababu neno moja tu lingemwokoa, na neno lenyewe alikuwa nalo.

Ulikuwa mwaka wa tatu baada ya Uhuru. Mjini Kakamega, Wazungu waliokuwa wakikalia ofisi walikuwa wamefunga mizigo yao, na vijana waliosoma wakashika kalamu. Patroba alikuwa miongoni mwa vijana hao. Aliajiriwa na Shirika la Malezi Mema, shirika dogo la makanisa lililowashughulikia yatima, wajane na wazee wasiokuwa na wa kuwatunza. Alikaa mtaa wa Amalemba pamoja na mkewe Sellah na mtoto wao Protus. Alikuwa mpole, mwenye adabu, tena mwepesi wa kusaidia, na hakuna aliyemchukia. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, maana hakuwa na ujasiri wa kumuudhi mtu yeyote.

Mkuu wake wa kazi, Bi Teresa Nabwire, hakuwa na shida hiyo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Siku Patroba alipoanza kazi, alimkalisha kitini akampa masharti.

"Kazi yetu ni kuingia nyumba za watu," alimwambia. "Ingia jikoni uone kinachopikwa na anayekipika. Tazama mahali mtoto analala. Zungumza na mtoto peke yake, mbali na wakubwa. Na ukikuta mwenye shauri ni jamaa yako, hata awe jamaa wa mbali wa mke wako, weka kalamu chini uje uniambie. Umesikia?"

"Nimesikia, Madam."

"Kusikia hata ukuta unasikia. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Na kweli alielewa. Asije mtu akasema kwamba hakuambiwa.

Miezi ikapita, kisha likaja shauri la Ayuma. Ayuma alikuwa msichana wa miaka kama kumi, aliyefiwa na mama yake kwanza, kisha na baba yake, ambaye alikuwa amepata shamba huko Lugari wakati mashamba ya Wazungu yalipogawiwa wananchi. Mtoto alikuwa akiishi Khwisero kwa nyanya yake mzaa mama, Mama Dorsila. Sasa baba yake mdogo, Cornelius Barasa, aliyelima mahindi katika shamba la marehemu ndugu yake, alikuwa amekuja kumdai mtoto akamlee Lugari pamoja na mkewe Jeruto. Jamaa za Dorsila walikataa katakata. Chifu alisikiliza kelele za pande zote mbili mpaka masikio yakamuuma, halafu akalisukumia shauri Shirika la Malezi Mema. Afisa aende aone mtoto yuko katika hali gani, kisha kamati iamue atakakolelewa.

"Wewe unaijua Khwisero?" Bi Nabwire alimuuliza Patroba, akimkabidhi faili.

Patroba alilifungua, akaona jina la Dorsila. Dorsila alikuwa dada mkubwa wa mama yake Sellah. Kwa Sellah alikuwa mama mkubwa. Kwa Patroba alikuwa mama mkwe kamili. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Nimepita huko mara nyingi, Madam," akajibu.

Kwa nini alilimeza? Kwanza, lilikuwa shauri lake la kwanza kubwa. Mpaka siku ile alikuwa akitumwa kupeleka blanketi na unga wa maziwa tu, na alitamani kuonyesha kwamba ni afisa kama maafisa wengine. Pili, alijiambia kwamba, kwa kuwa anawajua watu wale, atawatendea haki wao na mtoto pia. Atawafurahisha wakwe, atamfurahisha na Bi Nabwire. Mikono miwili, mambo mawili. Aliona hesabu inakwenda sawa.

Jioni alimweleza mkewe. Lilikuwa kosa jingine, kwa sababu mambo ya faili si mambo ya mezani, lakini tuliache hilo kwa sasa.

Sellah alipiga makofi. "Mungu ametukumbuka! Kumbe shauri la Mama Dorsila limeingia mikononi mwetu!"

"Mikononi mwangu, si mwetu," Patroba alisema. "Na hata hivyo, naona inafaa nimwambie Madam kwamba yule ni..."

"Umwambie nini? Kwamba una wakwe? Nani katika Kakamega hii hana wakwe? Baba Protus, nisikie kwamba mama yangu mkubwa amenyang'anywa mjukuu na wewe ndiye umeshika kalamu! Nitarudi nyumbani na uso gani? Na huyo Cornelius ameoa Mnandi. Ayuma atazungumza lugha gani na babu zake?"

"Babu zake wamekufa, Sellah."

"Hata waliokufa wana lugha yao!"

Patroba alishika kichwa. Alikuwa amechoka, chakula kilikuwa kinapoa, na ubishi wa Sellah ulikuwa kama mvua ya Kakamega, ikianza mchana hujui itakatika saa ngapi. Akasema, "Basi, nimesikia." Watu wengi wameharibikiwa kwa sababu ya kusema "basi, nimesikia" ili wale chakula kwa amani.

Kesho yake alipanda baiskeli ya shirika mpaka Khwisero. Na hapa ndipo mambo yanapotia hasira. Kwa desturi za huko, mwanamume hampi mkono mama mkwe wake, hamtazami usoni, hali naye sahani moja, na hakanyagi jikoni kwake hata mvua inyeshe mawe. Dada wa mama mkwe naye ni mama mkwe vile vile. Ni desturi nzuri. Imezuia ugomvi mwingi. Lakini mtu ambaye desturi yake inamkataza kuingia nyumba fulani, atawezaje kulipwa mshahara kwa kuingia nyumba hiyo hiyo?

Alisimama uani akakohoa. Ndani, kiti kilikwaruza sakafu, Mama Dorsila akajisogeza nyuma ya mlango asionekane. Ayuma alitoka na kigoda, akakiweka nje kando ya ukuta. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye macho makubwa yasiyocheka upesi. Patroba aliketi akiupa mlango mgongo, kama adabu inavyotaka, akafungua kalamu yake.

"Muulize Kukhu kama hajambo," alimwambia mtoto. Kukhu ndivyo wanavyomwita nyanya huko.

Ayuma aliingia, akatoka. "Anasema hajambo. Anauliza Protus hajambo?"

"Mwambie hajambo. Sasa muulize, je, mtoto anakula vizuri?"

Mtoto aliingia. Ndani kukasikika mnong'ono. Akatoka. "Kukhu anasema nakulanga vizuri."

"Vyema. Muulize kama mtoto anakwenda shule."

Ayuma hakuondoka mara moja. Alimtazama Patroba kama mtu mwenye la kusema, halafu akageuka akaingia. "Kukhu anasema naendanga shule, isipokuwa siku za kazi."

"Siku za kazi ni zipi?"

"Nimuulize?"

"Acha, usimsumbue."

Jamani! Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, na ulimi wake, na akili zake timamu. Aliyeulizwa habari zake ndiye aliyetumwa kwenda kuziulizia ndani! Patroba alikuwa amefundishwa kuzungumza na mtoto peke yake, na sasa alimgeuza mrija wa kupitishia maneno ya wakubwa. Yeye hakuliona hilo. Aliandika "anakula vizuri, anakwenda shule," akashukuru, akapanda baiskeli yake.

Bi Nabwire alisoma taarifa ile mara moja tu, akaitupa mezani.

"Uliingia jikoni?"

"Jiko lipo, Madam. Moshi ulikuwa unatoka."

"Sikukuuliza kama lipo! Uliliona kwa macho au kwa pua?"

Patroba alijikuna shingo.

"Mtoto analala wapi? Hukuandika. Alisema nini mwenyewe? Hukuandika. Kuna nini na wewe? Kuna jambo unanificha?"

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, imeletwa mpaka mkononi, tena imemenywa. Patroba alitazama viatu vyake akasema, "Hapana, Madam. Muda ulikuwa mfupi."

"Basi rudi. Na safari hii uingie ndani ya nyumba ile, hata kama utaingia kwa magoti."

Alirudi, na njia nzima alijikaza kisabuni. Alijiambia kwamba leo yeye si mkwe, ni afisa. Alifika mlangoni, akainua mguu auvushe kizingiti. Ndani akasikia mama mkwe wake anashtuka, anarudi nyuma kwa haraka, na kibuyu kikaanguka na kuvunjika. Aibu ilimjaa Patroba usoni. Mguu aliurudisha nje, akaenda kuketi pale pale ukutani.

"Ayuma," alisema kwa sauti ya chini, "hebu ingia uangalie mahali unapolala, kisha uje unieleze."

Mtoto alimtazama kwa mshangao. Mtu gani anatumwa kwenda kuyaangalia malazi yake mwenyewe?

"Nalala kando ya mafiga," alisema bila kuondoka.

"Hapo pana joto. Vizuri. Na nani anapika?"

"Mimi."

"Msichana hodari," Patroba alisema, akaandika kwamba mtoto anafundishwa kazi za nyumbani. Ayuma alikwenda kuokota vigae vya kibuyu.

Kamati ilikutana katika ukumbi wa kanisa, mwenyekiti akiwa Mchungaji Erastus. Upande mmoja walijaa jamaa za Dorsila, na Sellah katikati yao kwa kitambaa kipya cha kichwa. Dorsila mwenyewe hakuja. Walisema amebaki kuangalia nyumba. Upande wa pili aliketi Cornelius Barasa na mkewe Jeruto, wote wawili wakiwa na vumbi la safari miguuni. Patroba alisoma taarifa yake vizuri, kwa sauti safi, akamalizia kwa kushauri kwamba mtoto abaki kwa nyanya yake.

Cornelius aliomba kuuliza swali moja. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alizungumza huku akiigeuzageuza kofia yake.

"Mimi ni mkwe wa nyumba ile," alisema. "Ndugu yangu alioa pale, kwa hiyo mama yule siwezi kumtazama usoni wala kuingia kwake. Kila nikienda kumwona mtoto naishia uani. Namwona mtoto anakonda, naambiwa hajambo, narudi Lugari na wasiwasi wangu. Ndiyo maana nilishukuru niliposikia afisa atakwenda, mtu wa kazi, mtu asiye mkwe. Atakiona kile ambacho mimi nimekatazwa kukiona. Sasa, Bwana Afisa, mimi nakuuliza hili tu. Uliingia?"

Bi Nabwire aligeuka akamtazama Patroba. Sellah naye alimtazama, na nyuma yake wajomba zake wote. Hii ilikuwa nafasi ya tatu. Nafasi nyingine ya namna hii mtu atapewa na nani?

"Niliingia," Patroba akasema.

Cornelius aliivaa kofia yake. "Kama afisa ameingia, mimi sina neno," akasema, akamshika Jeruto mkono wakaondoka, na kamati ikaafiki kwamba mtoto abaki.

Jamaa za Dorsila walifurahi kupita kiasi. Mkwe huyu, walisema, ni mkwe wa kweli, na haifai aende hivi hivi bila kuchinjiwa. Wakapeleka habari kwa Mama Dorsila kwamba Jumamosi mkwe atakuja kula kuku. Mama Dorsila angesema nini? Mama mkwe hasemi "sitaweza". Alikubali.

Jumamosi ile Patroba aliwatangulia jamaa waliomwalika kufika, akaketi kwenye kigoda chake kando ya ukuta. Kutoka ndani ilikuja harufu ya ingokho, yaani kuku, na obusuma, ugali wa wimbi, na sauti ya mama mkwe wake ikisema taratibu, "Kuku ameiva? Hebu angalia wewe. Epua, nami nitashika upande huu." Patroba alimeza mate. Alikuwa na furaha. Aliona kwamba kazi ameifanya na wakwe wameridhika.

Halafu sufuria ikaanguka, na Ayuma akapiga ukelele.

Patroba aliruka mpaka mlangoni. Mguu ukafika kizingitini, ukagoma. Mtoto alikuwa analia, mchuzi unafuka sakafuni, na yeye, mtu mzima mwenye mshahara na baiskeli, alisimama pale ameshika mwimo wa mlango, anamwita jirani! Lakini sasa alikuwa ametazama ndani. Kwa mara ya kwanza alimwona mama mkwe wake. Dorsila alikuwa amepiga magoti, mikono yake inapapasa sakafu ya moto, anamtafuta mtoto kwenye pembe ambayo mtoto hakuwapo. Macho yake yalikuwa wazi, meupe, na hayakuwa yanaona kitu.

Jirani, mwanamke aitwaye Musimbi, alikuja mbio akampiga Patroba kikumbo, akaingia, akamtoa Ayuma amembeba. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umeungua kutoka kiwiko mpaka vidole. Mwenye duka la sokoni aliwapakia wote katika gari lake mpaka hospitali ya Kakamega. Njia nzima Patroba alikaa nyuma pamoja na magunia. Kwenye kiti cha mbele alikuwapo mama mkwe.

Bi Nabwire alipopata habari alikuja hospitalini akitimua vumbi. Aliingia wodini, akaketi kitandani pa Ayuma, akamshika Mama Dorsila mkono, akamsalimu kama anavyomsalimu mtu yeyote. Patroba alibaki nje chini ya dirisha, maana mle ndani mlikuwa na mama mkwe wake. Ndiyo, hata sasa! Kutoka pale alisikia kila neno.

"Mama, macho yalianza lini kukusumbua?"

"Tangu mvua za mwaka jana, mwanangu. Kwanza ukungu, halafu giza. Huyu mtoto ndiye anayenipikia, ananipeleka chooni, usiku analala kando ya mafiga ili nisiutumbukie moto. Siku hali yangu ikiwa mbaya, haendi shule."

"Kwa nini hukumwambia afisa?"

Mama Dorsila alijibu kwa sauti yenye uchovu.

"Utamwambiaje mkwe wako kwamba hujui hata kama nguo uliyovaa imeraruka? Hata jamaa zangu wa kuzaliwa niliwaficha, wasije wakanicheka au wakamtangazia mkwe. Nilisikia kwamba ofisini watamtuma mgeni. Nikasema moyoni, akija mgeni nitamwambia yote, kwamba siwezi tena kumlea mtoto, kwamba baba yake mdogo amchukue upesi, anampenda. Nikamngoja mgeni. Mkaniletea mkwe."

Patroba aliinama pale chini ya dirisha. Machozi yalimtoka, lakini yalimsaidia nani?

Bi Nabwire hakuishia hapo. Alimgeukia mtoto. "Na wewe, Ayuma, unataka nini?"

Ayuma, kwa mazoea, aligeuza uso kumtazama nyanya yake.

"Hapana, sikutumi kwake. Nakuuliza wewe."

Mtoto alifikiri. "Nataka kwenda shule kila siku," alisema. "Na Kukhu apate mtu mkubwa wa kumshika. Mimi nikimshika tunaangukanga wote wawili."

Bi Nabwire alipotoka nje, Patroba alitazamia kelele. Kelele zingekuwa nafuu. Mkuu wake alimtazama tu, akashusha pumzi.

"Neno moja, Patroba. 'Ni mama mkwe wangu, Madam.' Ungelisema tu, ningekwenda mimi mwenyewe siku ile ile, na jioni yake yangekuwa yamekwisha. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, inawezekana kumpasua akaona. Ingewezekana tangu mwaka jana! Lakini mkono wa mtoto hautarudi ulivyokuwa."

"Madam, mimi nilikuwa namheshimu."

"Nani alikuambia uache heshima?" Hapo sauti ikampanda, hata wauguzi wakageuka. "Mheshimu mama mkwe wako mpaka mwisho wa dunia! Mimi nilikuambia uache faili!"

Kamati ilikutana tena mara Ayuma alipotoka hospitalini. Safari hii Mama Dorsila aliletwa, ameshikwa mkono na Bi Nabwire, akaketishwa mbele. Patroba alisimama. Wajomba wa Sellah walikuwa wamemwonya kwamba asithubutu kuyataja macho ya mama hadharani, na Sellah alikuwa hajazungumza naye kwa siku kadhaa. Lakini alisema. Alisema kwamba yeye ni mkwe wa nyumba ile na alilificha jambo hilo. Kwamba hakuingia hata siku moja. Kwamba alimdanganya Cornelius Barasa na kamati nzima, na mtoto ndiye aliyelipia uongo huo. Jamaa mmoja aliguna, mwingine akatoka nje. Cornelius aliinamisha kichwa. Jeruto ndiye aliyenyanyuka, akaenda kumfunika Ayuma shuka begani, akaketi karibu naye.

Uamuzi haukuchukua muda. Ayuma atakwenda Lugari na kusoma huko, na likizo zote atakuja kwa nyanya yake. Mama Dorsila atakaa kwa mdogo wake, mama yake Sellah, akingoja siku ya kupasuliwa macho. Patroba arudishe baiskeli na ufunguo wa ofisi. Aliuweka ufunguo mezani bila kubisha.

Mchungaji alipotaka kufunga kwa sala, Mama Dorsila aliinua mkono. Aliuliza mkwe wake amesimama upande gani. Alipoonyeshwa, aliugeuza uso wake pembeni, kama adabu inavyotaka, ingawa hakuwa anaona, akasema naye kwa upole.

"Baba Protus, sina lawama juu ya adabu yako. Nilipata mkwe, tena mkwe mwema, naye hakunivunjia heshima hata siku moja. Afisa ndiye sikumpata."

Patroba aligeuka kumtazama mtoto. Ayuma alikuwa ameketi mbele yake, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye vidole. Huo ndio ushahidi kwamba mshika mawili moja humponyoka.